Kutoka Baiskeli Hadi Pikipiki: Sayansi ya Magurudumu Mawili

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, baiskeli ni chombo cha siku nyingi. Imebeba mikungu ya ndizi kutoka vibanjani kwenda magulioni, magunia ya kahawa kwenda kwenye vyama vya msingi, na wanafunzi kwenda shuleni. Pikipiki imekuja baadaye, lakini imeenea upesi. Vijana wengi wanaoiendesha leo walijifunza kwanza kukaa juu ya baiskeli ya baba au ya mjomba, na wako wengi ambao hawakuiacha baiskeli hata baada ya kupata pikipiki: ya kwanza ni ya shughuli za karibu na nyumbani, ya pili ni ya kazi, au ya kufurahia safari ndefu siku ya mapumziko.

Kutokana na hali hiyo huzuka swali linalostahili kujibiwa kisayansi. Je, mtu aliyezoea baiskeli miaka kumi ameshajua pikipiki? Jibu fupi ni kwamba amejua nusu. Yako mambo ambayo baiskeli humfundisha mtu na ambayo humfaa vilevile juu ya pikipiki. Lakini yako mengine ambayo mwili umeyazoea kwa baiskeli, nayo yakihamishiwa kwenye pikipiki huleta maafa. Katika makala hii tutazitenganisha nusu hizo mbili kwa kutumia fizikia ambayo mwanafunzi wa sekondari anayo tayari.

ASILI MOJA

Vyombo hivi viwili ni ndugu. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali, ambacho mwendeshaji alikisukuma kwa kukanyaga ardhi. Ilichukua miaka mingi ya majaribio kufikia umbo tunalolijua. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli iitwayo Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka huohuo wa 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili makubwa, na mawili madogo ya kuegemea ubavuni. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la kujazwa hewa, likawafaa ndugu wote wawili.

Hata katika Afrika ya Mashariki historia imewaunganisha. Jina bodaboda lilianza na baiskeli, si pikipiki. Katika miaka ya 1960 waendeshaji baiskeli wa mpakani mwa Kenya na Uganda walikuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, yaani kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilirithi kazi hiyo pamoja na jina lake. Hapa Tanzania kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitungwa mwaka 2010, na Kagera, mkoa unaopakana na Uganda, haukubaki nyuma.

NUSU INAYOHAMISHIKA: USAWA

Tuanze na jambo ambalo mwendesha baiskeli analijua bila kujua kwamba analijua. Kwa nini chombo cha magurudumu mawili hakianguki kikiwa mwendoni?

Kwa muda mrefu vitabu vilijibu kwamba ni kwa sababu ya jairo, yaani ile tabia ya gurudumu linalozunguka kupinga kugeuzwa mhimili wake. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alitengeneza baiskeli yenye gurudumu la ziada lililozunguka kinyume, ili kuifuta athari hiyo, na bado aliweza kuiendesha. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Uholanzi na Marekani lilionyesha baiskeli ya majaribio ambayo, hata athari ya jairo ikiwa imefutwa, ilijisawazisha yenyewe iliposukumwa pasipo mtu juu yake. Kwa hiyo jairo husaidia, lakini si siri yote.

Msingi wa jambo ni huu: chombo kikianza kulala upande mmoja, usukani hugeukia upande huohuo, magurudumu yakakimbilia chini ya kitovu cha uzito, na chombo kikainuka tena. Ni sawa na mtoto anayesimamisha ufagio juu ya kiganja: ufagio ukiinama kulia, mkono unaufuata kulia. Kazi hiyo mwendeshaji huifanya mamia ya mara katika safari moja, bila kufikiri.

Vivyo hivyo kwenye kona. Anayekata kulia hulala kulia, na ili alale kulia huanza kwa kuusukuma kidogo mkono wa kulia wa usukani kwenda mbele, kama kwamba anataka kwenda kushoto. Jaribu juu ya baiskeli mahali patupu nawe utaona. Kwenye baiskeli tendo hili ni dogo mno hata halionekani. Kwenye pikipiki, ambayo ni nzito na yenye kasi, ndilo njia hasa ya kuigeuza. Sheria ni ileile, na mwili wa mwendesha baiskeli unaijua. Hii ndiyo nusu inayohamishika, pamoja na mazoea mema ya kuisoma barabara: kuliona shimo mapema, kuutambua mchanga uliolala juu ya lami, na kuuhisi upepo.

NUSU ISIYOHAMISHIKA: MRABA WA MWENDO

Sasa tuje kwenye hatari. Nishati mwendo ya kitu ni nusu ya tungamo lake ikizidishwa kwa mraba wa mwendokasi wake. Neno zito katika kanuni hii ni mraba. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara nne, nishati huongezeka mara kumi na sita.

Tuchukue kijana wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20, akienda kilometa 15 kwa saa. Nishati yake ni jouli 740 hivi. Mchukue kijana yuleyule juu ya pikipiki ya kilo 115, akienda kilometa 60 kwa saa. Nishati sasa ni jouli 25,000, yaani zaidi ya mara thelathini. Akipakia abiria mmoja wa uzito kama wake, inafika jouli 34,000. Akipakia wawili, wale ambao kwa lugha ya mitaani huitwa mshikaki, hesabu inazidi kupanda, na breki ni zilezile.

Tarakimu za jouli hazimtishi mtu, kwa hiyo tuzigeuze ziwe kimo. Kitu kikianguka kutoka juu hufika chini na mwendokasi unaotegemea kimo kile. Kwa hesabu hiyo, kugonga ukuta kwa mwendo fulani ni sawa na kuanguka kutoka kimo fulani:

Kilometa 15 kwa saa: meta 0.9, kimo kinachozidi meza kidogo.
Kilometa 30 kwa saa: meta 3.5, kimo cha paa la nyumba ya kawaida.
Kilometa 40 kwa saa: meta 6.3, juu ya nyumba ya ghorofa moja.
Kilometa 60 kwa saa: meta 14, kimo cha jengo la orofa nne na zaidi.
Kilometa 80 kwa saa: meta 25.

Hakuna kijana mwenye akili timamu ambaye angekubali kutembea bila kujishika ukingoni mwa paa lenye kimo cha meta 25. Lakini wengi hukaa kwenye kimo hicho kila siku, juu ya kiti cha pikipiki, kwa sababu macho hayakioni. Baiskeli imewafundisha kwamba kuanguka ni kuchubuka goti. Hilo ni kweli kwa meta 0.9, nalo linakoma kuwa kweli mapema sana.

UMBALI WA KUSIMAMA

Mwendeshaji anapoona mbuzi amekatiza barabara, hasimami papo hapo. Kwanza hupita muda wa jicho kuona, ubongo kuamua na mkono kutenda. Tuchukue sekunde moja, ambayo ni kwa mtu aliye macho na asiyekunywa pombe. Katika sekunde hiyo mwendesha baiskeli wa kilometa 15 kwa saa amekwenda meta 4. Mwendesha pikipiki wa kilometa 60 kwa saa amekwenda meta 17 kabla hajaigusa breki.

Kisha huja umbali wa breki zenyewe, nao pia hufuata mraba wa mwendo. Katika lami kavu pikipiki yenye tairi zima huweza kupunguza mwendo kwa meta 7 hivi kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa kilometa 60 kwa saa itahitaji meta 20 nyingine, jumla meta 37. Mwendesha baiskeli yetu, ikiwa breki zake ni nzima, atakuwa amesimama ndani ya meta 7.

Lakini Bukoba si mji wa lami kavu mwaka mzima. Mji huu wa kando ya Ziwa Viktoria hupata mvua ya karibu milimeta 2,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za Tanzania, na njia nyingi za vijijini ni za udongo mwekundu ambao ukilowa huwa kama sabuni. Tukikadiria kwamba msuguano umepungua hata breki zinaweza kupunguza meta 3 tu kwa sekunde katika kila sekunde, umbali wa kusimama kutoka kilometa 60 kwa saa unafika meta 63. Mwendeshaji yuleyule akishuka hadi kilometa 40 kwa saa, atasimama katika meta 32 kwenye utelezi huohuo, yaani mapema kuliko ambavyo angesimama kwenye lami kavu kwa kilometa 60. Kwa mvua, basi, dawa ya kwanza ni mwendo. Ustadi wa mikono huja baada yake.

Lami nayo ina hila yake. Dakika za mwanzo za mvua inayonyesha baada ya kiangazi ni mbaya kuliko zinazofuata, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani, kabla mvua haijayasafisha.

BREKI YA MBELE

Hapa ndipo mazoea ya baiskeli yanapompinga mtu waziwazi. Mwendesha baiskeli mzoefu huiogopa breki ya mbele, naye ana haki. Juu ya baiskeli kitovu cha uzito kiko juu sana na fremu ni fupi. Akiibana breki ya mbele kwa nguvu, baiskeli huzunguka juu ya gurudumu la mbele na kumrusha mwendeshaji mbele ya usukani. Kwa hiyo hutegemea breki ya nyuma.

Pikipiki ni ndefu zaidi, na injini yake nzito iko chini. Haipinduki kwa urahisi namna hiyo. Lakini inapofunga breki, inersia huusukuma uzito kuelekea mbele. Pikipiki ambayo ikiwa imetulia hugawa uzito nusu kwa nusu, huweza, wakati wa kufunga breki kwa nguvu kwenye lami, kuweka sehemu nne kati ya tano za uzito juu ya gurudumu la mbele. La nyuma hubaki jepesi. Kwa kuwa msuguano hutegemea uzito unaoligandamiza tairi chini, breki ya nyuma peke yake hufanya kazi ndogo, na ikikanyagwa sana hulifunga gurudumu likaburuzwa na kuyumba.

Kwa hiyo kanuni kwenye lami kavu, pikipiki ikiwa wima, ni kutumia breki zote mbili kwa pamoja, ya mbele ikibanwa hatua kwa hatua, si kwa kushtukiza. Kwenye changarawe, matope, au katikati ya kona, gurudumu la mbele likifungwa huteleza na mtu huanguka mara moja. Hapo breki zote zitumike kwa upole, na mwendo upunguzwe kabla ya kufika. Jambo hili halifahamiki kwa kusikia tu. Sharti lifanyiwe mazoezi mahali patupu, mbele ya mwalimu, kabla ya kuomba leseni ya daraja A.

KONA NA MITEREMKO

Nchi ya Bukoba na Muleba ni ya vilima na mabonde, na barabara zake hupanda, hushuka na kupinda. Tuchukue kona yenye nusu kipenyo cha meta 20. Kwa kilometa 15 kwa saa chombo hulala nyuzi 5 tu, kiasi kisichohisiwa. Kwa kilometa 40 kwa saa hulala nyuzi 32. Kwa kilometa 60 kwa saa ingebidi kilale nyuzi 55, na msuguano unaotakiwa hauwezi kutolewa na tairi la kawaida. Hapo hakuna ustadi utakaosaidia: chombo kitatoka nje ya barabara. Kwenye udongo uliolowa kona hiyohiyo haipitiki kwa usalama hata kwa kilometa 28 kwa saa.

Kushuka mlima kuna somo jingine. Pikipiki yenye abiria mmoja, jumla kilo 245, ikishuka kimo cha meta 100, hupoteza jouli 240,000 za nishati ya mahali. Nishati haipotei bure. Ikiwa mwendo hauongezeki, sehemu kubwa yake hugeuka joto katika breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha vikombe vitatu hivi vya maji. Breki zikipata moto mwingi hupoteza nguvu ya kubana, na mwendeshaji hugundua hivyo katikati ya mteremko. Tiba ni kuiacha injini ibebe sehemu ya kazi: kuteremka katika gia ya chini, ile ambayo ungepandia mlima huo. Wale wanaozima injini au kutoa gia ili kubana petroli wanairudisha pikipiki kuwa baiskeli, lakini baiskeli ya kilo 245. Petroli wanayookoa haifiki thamani ya kikombe cha chai.

KICHWA

Tarehe 13 Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, mwanajeshi na mwandishi mashuhuri T. E. Lawrence alikuwa juu ya pikipiki yake. Alijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akarushwa, akaumia kichwani na kufariki siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha matokeo yaliyoonyesha faida ya kofia ngumu. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza liliwalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuivaa. Raia wa kawaida wa nchi hiyo walisubiri sheria hiyo mpaka mwaka 1973.

Kofia hufanya nini? Kichwa kikianguka kutoka kimo cha meta 1.8, kimo cha mtu aliyesimama, hufika chini kwa meta 6 hivi kwa sekunde. Kikisimamishwa ndani ya milimeta 5 na lami, hupata mpunguo wa mwendo uliozidi mvutano wa dunia mara 360. Ndani ya kofia mna tabaka la povu gumu linalobonyea. Likikisimamisha kichwa ndani ya milimeta 25, kiasi hicho hushuka hadi mara 72. Milimeta 20 za povu zimegawanya pigo kwa tano. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Yapo mambo matatu yanayofuata. Kwanza, povu lililokwisha kubonyea halirudi. Kofia iliyowahi kupigwa vibaya haifai tena hata ikiwa inang'aa. Pili, kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini, na ile iliyotundikwa kwenye usukani humkinga askari wa barabarani asimkamate mwenyewe, haimkingi mwenyewe na lami. Tatu, hesabu yetu ya meta 1.8 haikutaja injini. Inamhusu mwendesha baiskeli vilevile, na inamhusu abiria ambaye aghalabu hupakiwa kichwa wazi.

MAJARIBIO KWA SHULE

Walimu wa fizikia wanaweza kuyathibitisha haya kwa baiskeli moja, chaki na kanda ya kupimia. Katika uwanja tambarare usio na watu, mwanafunzi mzoefu, akiwa amevaa kofia, aendeshe kwa mwendo mdogo na kuanza kufunga breki kwenye mstari wa chaki, kisha arudie kwa mwendo uliokaribia kuwa maradufu. Mwendo upimwe kwa saa katika meta 10 za mwisho kabla ya mstari. Wanafunzi wachore grafu ya umbali wa breki dhidi ya mwendo, halafu dhidi ya mraba wa mwendo, na waseme ni ipi iliyokaribia mstari ulionyooka. Uwanja huo ukinyeshewa, mwalimu awaulize kwanza jibu litabadilikaje, ndipo wapime kwa mwendo mdogo tu.

Kwa jaribio la pili, baiskeli isukumwe bila mtu na kuachiwa kwenye nyasi. Watazame usukani unavyogeukia upande ambao baiskeli inaangukia. Kisha ufungwe kwa kamba usiweze kugeuka, na isukumwe tena. Itaanguka upesi, na darasa litakuwa limeona kwa macho yake kile ambacho vitabu vilibishania kwa miaka mingi.

Kijana wa Muhutwe au Kemondo anayetoka baiskeli kwenda pikipiki haendi na mikono mitupu. Anao usawa, anayo macho yaliyozoea barabara. Asichokuwa nacho bado ni hisia ya mraba, kwa kuwa mwili wa binadamu huuhisi mwendo lakini hauwezi kuihisi nishati. Pengo hilo ndilo ambalo hesabu inaweza kulijaza, na ndiyo sababu somo hili linastahili kufundishwa kidato cha pili au cha tatu, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa ufunguo wa pikipiki.